Pai ya Kupindua ya Maembe, na Sufuria Iifaayo



Msimu wa maembe umewadia, na barua zimetufikia kutoka pande mbalimbali. Iliyotushughulisha zaidi juma hili imetoka Zombe, mashariki mwa Kitui, kwa mama mmoja mwenyeji wa mwambao ambaye yeye na mumewe wamefanya maskani huko. Anatwambia kwamba maembe yamejaa uani hata mengine yanaozea chini ya miti, na madalali wakija hutaja bei ya kuvunja moyo. Mabinti zake wameona kwenye simu pai ya matunda ipikwayo juu chini kisha ikapinduliwa sinia, nao hawampi raha. Oveni hana. Sokoni amekuta vikaango vya namna tatu, na fedha aliyonayo yatosha kimoja tu. Basi anauliza: je, pai hiyo yawezekana kwa jiko la makaa? Na anunue kikaango kipi?

Jibu la swali la kwanza ni jepesi: yawezekana, tena ikatoka vizuri. Swali la pili ndilo tutakalolikalia zaidi. Pai hii hupikwa ndani ya chombo kimoja, tangu kuyeyusha sukari hadi kuiva kwa unga. Chombo kikiwa kibaya, hakuna ustadi utakaoiokoa, na viko vyombo ambavyo madhara yake hayaishii kwenye pai, bali huwafikia walaji.

ASILI YAKE

Pai hii ni ya Ufaransa, na huko huitwa tarte Tatin, kwa jina la dada wawili, Stéphanie na Caroline Tatin, waliokuwa na hoteli katika mji mdogo wa Lamotte-Beuvron mwishoni mwa karne ya 19. Husimuliwa kwamba mmoja wao aliyasahau matufaha motoni, sukari ikaungua, akayafunika kwa unga ili asipate hasara. Hiyo ni hadithi tu, na wajuzi wengi hawaisadiki, kwa kuwa pai za kupindua zilipikwa katika jimbo lile kabla yao.

Kwetu kupindua chakula si jambo geni. Maqluba ya Waarabu imepewa jina hilo kwa sababu hupinduliwa. Na ni nyumba ngapi za mwambao zisizojua pudini ya mayai, ile inayotangulizwa sukari iliyounguzwa chini ya bakuli, ikapinduliwa wakati wa futari huku rangi yake ya dhahabu ikitiririka? Aliyewahi kuipika pudini hiyo ameshaijua nusu ya kazi hii.

KWA NINI MAEMBE

Wafaransa hutumia matufaha kwa kuwa hayavunjiki upesi yakipikwa. Embe likiiva mno huwa rojo. Kwa hiyo chagua embe lililoanza kuiva: nyama yake imegeuka manjano, harufu imetoka, lakini ukilibonyeza bado ni gumu. Ngowe na Apple, maembe ambayo Lamu na Malindi wanayajua vyema, sasa yamezoea udongo wa Ukambani, na yote mawili yanafaa kwa sababu nyuzi zake ni chache. Njia ya kutoka pwani kwenda Kitui ni ya kale. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, alikuwa akiongoza misafara ya pembe za ndovu hadi Mombasa, naye ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849.

Kulichuma embe likiwa bado gumu kuna faida nyingine. Tangu mwaka 2003 nchi yetu imesumbuliwa na nzi wa matunda aliyetoka Asia, ambaye hutaga mayai ndani ya embe, na kadiri linavyoiva ndivyo anavyolipenda. Anayengoja yote yaive mtini humlimia nzi. Yaliyokwisha kuanguka na kutoboka yasiachwe chini. Yaokotwe na kufukiwa shimo refu, la sivyo mabuu yatatoka na kuurudia mti.

Makueni wamejenga kiwanda cha kusindika maembe huko Kalamba, nalo ni jambo la kusifiwa. Lakini mama aliye na miti mitatu uani hawezi kungoja lori. Neema iliyo mlangoni ina haki ya kutumiwa, na kuiacha ioze huku watoto wakitamani kitu kitamu ni israfu.

KUCHAGUA SUFURIA

Kabla ya kutazama bei, tazama mambo manne.

La kwanza ni kipimo. Upana wa sentimita 24 hivi na kina cha sentimita 5 vyatosha watu wanane. Chombo kipana mno hufanya pai kuwa nyembamba na sukari kuungua. Chenye kina kirefu hukufanya pai ivunjike wakati wa kupinduliwa.

La pili ni uzito. Sukari huanza kugeuka rangi inapofika nyuzi 160 hadi 170 za Selsiasi, na hapo huwa imebakiwa na dakika moja au mbili tu kabla ya kuwa chungu. Kitako chembamba hupata moto mahali pamoja. Katikati sukari imekuwa nyeusi na pembeni bado ni nyeupe. Kibonyeze kitako kwa kidole gumba. Kikinepa, kirudishe.

La tatu ni mpini. Mpini wa plastiki au wa mbao hautahimili makaa ya juu na chini. Masikio mawili ya chuma ni bora kuliko mpini mmoja mrefu, kwa kuwa wakati wa kupindua unahitaji kushika pande zote mbili.

La nne, nalo ni zito kuliko yote, ni madini yenyewe. Hapa ndipo tunapomjibu dada yetu wa Zombe juu ya vile vikaango vitatu.

Kikaango cheusi kisichogandisha kinavutia macho, na kweli pai itatoka bila taabu. Lakini utando wake haukuumbwa kwa makaa. Ukipita nyuzi 260 huanza kuharibika na kutoa moshi usiofaa kuvutwa, na jiko la makaa halina kipimo cha kukuonya. Kifae kwa mayai juu ya gesi ya taratibu.

Kikaango cha alumini kilichosubiwa kwa vyuma chakavu ni kizito, ni cha bei nafuu, na husambaza moto sawasawa. Hatuna ugomvi na mafundi wetu, wanaojitafutia riziki ya halali kwa jasho. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa za Afrika umekuta madini ya risasi ndani ya vyombo vya namna hii, kwa kuwa chakavu huchanganyika na vipande vya injini, betri na vinginevyo. Matunda yenye ukali, na hasa ndimu, huyavuta madini hayo yakaingia chakulani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na anayedhurika zaidi ni mtoto mdogo, katika ubongo wake. Kwa jicho huwezi kukitambua kilicho safi na kisicho safi. Kwa hiyo, kwa chakula cha matunda, tunasema kiachwe.

Cha tatu ni kikaango cha chuma kizito cha kusubu. Hiki ndicho tunachomshauri anunue. Ni kizito mkononi na huchelewa kupata moto, lakini kikishaupata hukaa nao. Kioshwe, kikaushwe motoni, kipakwe mafuta membamba na kuchomwa mara kadhaa hadi kiwe cheusi cha kung'aa; baada ya hapo hakitagandisha. Lililo muhimu ni kutoacha matunda yalale ndani yake, kwani chuma kitabadili rangi na ladha yake. Kikitunzwa, binti atakirithi.

Na asiye na uwezo wa kununua chochote? Atazame alichonacho. Sufuria nyembamba ya kiwandani yaweza kutumika ikiwekwa juu ya chuma cha chapati. Chuma hicho huupokea moto kwanza na kuusambaza, nayo sufuria ikasalimika. Wengi wenu mnavyo vyote viwili na hamkujua kwamba mna oveni.

MAHITAJI

Maembe 6 ya wastani yaliyoanza kuiva. Sukari gramu 120. Siagi gramu 60. Maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai. Iliki 6 zilizotwangwa. Kwa unga: unga wa ngano gramu 200, siagi gramu 100, au samli gramu 80, chumvi nusu kijiko cha chai, maji baridi vijiko vitatu hadi vinne vya chakula. Anayenunua unga uliokwisha kukandwa dukani asome maandishi ya pakiti ajue mafuta yaliyotumika ni ya nini.

UPISHI

Anza na unga, alfajiri kabla jua halijapanda, kwa kuwa joto la Zombe huyeyusha siagi mkononi. Ifikiche siagi ndani ya unga na chumvi mpaka iwe kama chenga, tia maji kidogo kidogo, kusanya donge bila kulikanda sana, lifunike kwa kitambaa kibichi na uliweke kando ya mtungi wa maji kwa nusu saa.

Menya maembe, yakate vipande vinene vya kidole gumba. Yanyunyizie ndimu na uyaache kwenye chujio ili maji yapungue. Maji hayo usiyamwage; watoto watayanywa.

Weka sukari kwenye kikaango juu ya moto wa wastani. Usiikoroge, kitikise chombo taratibu. Ikifika rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kiepue mara moja, tia siagi na iliki. Itafoka, basi simama mbali. Panga maembe kwa duara, yabanane, kwani yatasinyaa. Rudisha motoni dakika 10 hadi 15, mpaka maji yakauke na shira iwe nzito. Hatua hii isiharakishwe. Pai yenye maji hupinduka ikawa uji.

Kiepue kipoe kidogo. Sukuma unga duara lililozidi upana wa kikaango kwa sentimita 2, ufunike juu ya maembe, ukingo uuingize ndani kama mtu atandikaye kitanda. Toboa matundu manne kwa uma ili mvuke upite.

Sasa palia. Punguza makaa ya jikoni yabaki thuluthi moja, na thuluthi mbili ziweke juu ya kifuniko cha bati, kama tufanyavyo kwa mkate wa mayai. Unga ndio unaohitaji moto. Matunda yamekwisha kuiva. Baada ya dakika 30 chungulia; ukiwa wa kahawia na mkavu, tayari. Mwenye oveni aweke nyuzi 190 kwa muda huohuo.

Ngoja dakika 10, si zaidi. Ukipindua mapema shira hutiririka. Ukichelewa hugandamana na kikaango. Funika kwa sinia pana, shika vyote viwili kwa vitambaa vinene vikavu, sema bismillahi, upindue kwa mara moja bila kusita. Kipande kikibaki kimeganda, kibandue na ukirudishe mahali pake.

TAHADHARI

Sukari iliyoyeyuka ni moto kuliko maji yanayochemka, na hunata kwenye ngozi. Watoto wakae nje ya jiko wakati wa kuiyeyusha na wakati wa kupindua. Akiungua mtu, mahali hapo pamwagiwe maji ya kawaida mfululizo kwa dakika 20, hata kama maji ni ya kununua. Pasipakwe dawa ya meno, mafuta wala asali. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja chake, au likiwa usoni, apelekwe zahanati bila kungoja.

Wenye maradhi ya sukari watosheke na kipande chembamba, au wale embe bichi kwa chumvi na pilipili, ambalo nalo lina raha yake.

Dada yetu, tumekujibu kadiri ya uwezo wetu. Nunua kile cheusi kizito, hata kama kitakuchelewesha juma moja kukusanya fedha. Pai hukatika vipande vinane: kimoja kipelekwe kwa jirani aliyekupa miche, na vingine viwaendee mabinti waliokusumbua. Wakijifunza kuipika vyema, mwakani huenda wakasimama sokoni na sinia badala ya kumngoja dalali. Mola abariki mikono yako na miti yako. Amin.