Muuguzi aliyechoka na muuguzi asiye na kazi: kwa nini jambo hili linakuhusu

Umefika kituo cha afya asubuhi na mapema, mtoto ana homa mgongoni. Foleni imeshatoka nje ya mlango. Zamu yako inapofika, muuguzi hakuangalii usoni. Anauliza maswali mawili ya haraka, anaandika dawa, anaita mwingine. Unatoka ukijiambia: "Ni kwa sababu mimi ni mkimbizi." Jirani yako Mnyarwanda, aliyehudumiwa na muuguzi huyo huyo, naye anatoka na lake: "Tangu watu wawe wengi, sisi wenyeji hatuonekani tena."

Malalamiko haya mawili si mageni hapa Rubavu. Yote yanamlenga mtu mmoja, lakini hakuna linalouliza huyo mtu anaishije kazini. Tujaribu kuuliza swali hilo leo, kwa sababu jibu lake linagusa usalama wako wewe mgonjwa.

Kwanza, muuguzi ni nani kwako?

Nchini Rwanda, kituo cha afya kinaendeshwa na wauguzi. Daktari kwa kawaida utamkuta hospitali ya wilaya, kama vile Hospitali ya Gisenyi. Ndiyo maana wengi wetu tunamwita muuguzi "muganga", na hatukosei sana. Yeye ndiye anayekupima, anayekuandikia dawa, na anayeamua kama upewe karatasi ya rufaa, ile tunayoiita transferi. Akishindwa kuona dalili moja kwa sababu hajalala vya kutosha, atakayeumia ni wewe au mwanao.

Na foleni ni moja. Tangu mwaka 2019, wakimbizi wanaoishi mijini walianza kuingizwa katika bima ya mituweli, sawa na wenyeji. Kwa hiyo uchovu wa muuguzi hauchagui mwenye kitambulisho cha taifa na mwenye karatasi ya ukimbizi.

Mji usiopata likizo

Gisenyi na Goma zimetenganishwa na mpaka tu, na kila linalotokea upande mmoja linabisha hodi upande wa pili. Hesabu mwenyewe. Mwaka 2019 Ebola ilifika Goma, na wahudumu wa afya wa upande huu wakawa wanapima joto na kusimamia unawaji wa mikono kwa maelfu ya watu waliovuka kila siku Petite Barrière. Mwaka uliofuata ikaja Korona. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka, maelfu wakakimbilia Gisenyi, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba na barabara za mji huu. Mwaka 2024 ikaja mpox. Kisha mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, makombora yalianguka hadi upande wa Gisenyi na kuua raia, huku watu wakivuka mpaka kutafuta usalama.

Katika kila tukio kuna waliokimbia na kuna waliobaki kuwapokea. Muuguzi ni miongoni mwa waliobaki. Usisahau kwamba naye anaishi hapa hapa. Usiku wa makombora, alikuwa na watoto nyumbani kama wewe.

Mwaka huo huo wa 2025 fedha za misaada zilipungua ghafla. Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje mwezi Januari, na ilipofika Juni, shirika la UNHCR lilitangaza kupunguza nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani. Fedha zinapopungua wagonjwa hawapungui, na aliyebaki kazini ndiye anayebeba mzigo.

Uchovu wa kazi si uvivu

Shirika la Afya Duniani (WHO) liliueleza uchovu wa kazi mwaka 2019 kwa dalili tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi, mtu anaanza kuwaona watu kama mafaili. Ya tatu ni kuhisi kwamba kazi anayoifanya haina tena matokeo.

Soma tena dalili ya pili. Muuguzi asiyekuangalia usoni huenda hakuchukii. Huenda amefika mahali ambapo akimtazama kila mama machoni, hatamaliza siku. Hili halihalalishi matusi wala ubaguzi. Lugha chafu ni kosa, na una haki ya kuilalamikia. Lakini ukidhani tatizo ni roho mbaya ya mtu mmoja, utadai ahamishwe, na atakayekuja ataingia katika zamu zile zile na kuchoka vile vile.

Kuna pia hofu ya kuambukizwa. Mlipuko wa Marburg uliotangazwa Rwanda tarehe 27 Septemba 2024 uliambukiza watu 66 na kuua 15. Karibu 80 kati ya kila 100 ya walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Rwanda iliudhibiti na kutangaza mwisho wake tarehe 20 Desemba mwaka huo, na wengi waliougua walipona. Lakini kila anayevaa glavu leo anakumbuka kwamba waliougua walikuwa wenzake, waliokuwa wakifanya kazi kama yake.

Serikali inafanya nini?

Uhaba wa wauguzi si wa Rubavu peke yake. Ripoti ya WHO ya Mei 2025 ilikadiria kwamba dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.8 katika mwaka 2023. Rwanda ilianza mwaka 2023 mpango unaoitwa 4x4: kuongeza wahudumu wa afya mara nne ndani ya miaka minne, kutoka takriban mhudumu 1 kwa kila watu 1,000 hadi 4.

Elimu nayo imebadilika. Miaka ya 2000 Rwanda iliacha kutoa wauguzi wa ngazi ya A2, yaani waliosomea sekondari, na wengi wao wakapandishwa hadi A1 kwa masomo waliyoyachukua huku wakiendelea na kazi. Mwaka 2021 masomo ya uuguzi yalirudi katika baadhi ya shule za sekondari, kwa mtaala mpya wa wauguzi wasaidizi.

Ni hatua nzuri, lakini shule haimwagi wauguzi kama mvua. Mwanafunzi anahitaji miaka, na akishahitimu anahitaji mzoefu wa kumwongoza kazini. Mzoefu huyo akiwa hoi, kijana anajifunza haraka na pupa badala ya uuguzi.

Na wale walio kati yetu

Hapa ndipo tunapotaka ufikirie zaidi. Miongoni mwa waliovuka mpaka kuna watu waliosomea uuguzi Kongo: A2 wa shule za ITM, A1 na A0 wa vyuo vya ISTM. Wapo waliozalisha akina mama kwa miaka mingi. Leo wanakaa nyumbani au wanauza mboga, na ng'ambo ya barabara kuna kituo kinacholemewa.

Kwa nini wasiingie tu kazini? Sheria inamtaka kila muuguzi aandikishwe na Baraza la Taifa la Wauguzi na Wakunga na awe na leseni. Sharti hili linakulinda wewe, ili asikuchome sindano mtu aliyeokota koti jeupe. Ugumu uko katika njia ya kufikia leseni. Diploma iliachwa Goma au imeungua. Masomo yalikuwa ya Kifaransa, hapa yanafundishwa kwa Kiingereza. A2 wa Kongo anakuta ngazi yake haifanani na za hapa.

Rwanda imewahi kuwapandisha A2 wake bila kuwatoa kazini. Njia kama hiyo kwa wauguzi wakimbizi, yenye tathmini ya ujuzi na usimamizi wa karibu, ingewanufaisha wenyeji na wakimbizi kwa pamoja. Hili ni jambo la kuwekwa mezani na mashirika, wizara na baraza.

Wewe unaweza kufanya nini?

*Kama ni mgonjwa:* njoo na kijitabu chako na dawa unazotumia. Kama Kinyarwanda hukiwezi vizuri, sema mapema au njoo na mtu wa kukutafsiria. Ukitukanwa, peleka malalamiko kwa mkuu wa kituo au kwa kamati ya wakimbizi, ukitaja siku, saa na kilichotokea.

*Kama wewe ni muuguzi mkimbizi:* tunza nakala za diploma, matokeo na barua za kazi, zipige picha pia. Waeleze wafanyakazi wa ulinzi au wa ajira taaluma yako ili iandikwe katika faili lako. Uliza Baraza la Elimu ya Juu kuhusu ulinganifu wa vyeti. Unaposubiri, jitolee katika uhamasishaji wa afya. Usitibu watu nyumbani bila leseni: dawa moja ikimdhuru jirani, umepoteza taaluma yako pamoja na yeye.

*Kama wewe ni muuguzi unayesoma haya baada ya zamu:* kuomba msaada si udhaifu. Mwambie mwenzako kabla hujafika mwisho.

*Kama unaongoza kituo au shirika:* unapoandika ripoti ya idadi ya wagonjwa waliohudumiwa, andika pia idadi ya waliowahudumia na saa walizofanya kazi. Kisichoandikwa hakipangiwi bajeti.

Utakaporudi kwenye foleni ile, huenda bado itakuwa ndefu. Muuguzi akiinua macho, msalimie kwanza. Salamu haitaongeza wafanyakazi, lakini itamkumbusha kwamba mbele yake kuna mtu, na wewe utakumbuka hivyo hivyo juu yake. Kisha mdai anayepanga bajeti.