Kamba ya Kupimia Iwe Mikononi Mwetu

Ndugu wanachama,

Wako wenzetu wasemao ya kuwa hesabu ni kazi ya watoto wa shule, na kwamba mtu akishapita miaka thelathini, akiwa na mke na watoto na deni la ushirika, kichwa chake kimekwisha funga. Sisi wafanyakazi wa reli tukaao huku Kinanie, katika uwanda wa Athi, twasema neno hilo si kweli, na tena ni neno la hasara. Mfanyakazi asiyejua kupima hupimiwa na mwingine, na apimiwaye hupokea kile alichoachiwa.

Wengi wetu tulisoma shule za misheni mpaka mwisho wa masomo ya msingi. Tulifundishwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, na hayo hatujayasahau. Lakini hesabu za maumbo, yaani jiometri, tulizipita mbio mbio. Mwalimu alichora pembetatu ubaoni, tukainakili, kengele ikalia. Hatukuambiwa ya kuwa pembetatu ile tutaikuta tena katika kununua ploti na katika kazi ya njia ya reli.

Tuanze na ploti, maana ndiyo inayomaliza akiba zetu. Huku Kinanie na katika Mavoko yote ardhi inauzwa vipande vipande. Mfanyakazi huweka akiba miaka mingi, ama hukopa, ili apate kipande cha futi 50 kwa futi 100. Watu hukiita thumni ya eka, yaani eka moja iliyogawanywa mara nane. Haya, tupige hesabu. Eka moja ni futi za mraba 43,560. Ukigawanya kwa 8 wapata 5,445. Lakini 50 mara 100 ni 5,000. Futi za mraba 445 zimekwenda wapi? Muuzaji atakwambia zimekwenda katika njia za kupitia, na huenda ni kweli. Basi na atuonyeshe njia hizo kwenye ramani kabla hatujatoa fedha. Swali hilo huulizwa na mtu aliyepiga hesabu tu.

Hilo ni jepesi. Sasa sikieni fumbo lenye hila. Muuzaji anakupeleka shambani na kamba. Mnapima upande wa mbele: futi 50. Upande wa nyuma: futi 50. Kushoto futi 100, kulia futi 100. Pande zote nne ni sawa na maneno yake. Je, umepata futi za mraba 5,000?

Wengi watajibu ndiyo. Jibu ni kwamba bado hujui. Chukua vijiti vinne, viwili virefu na viwili vifupi, uvifunge kwenye pembe kwa uzi, kisha usukume kando. Vijiti havikupungua hata kidogo, lakini nafasi iliyo katikati inapungua, na ukizidi kusukuma itakwisha kabisa. Ploti nayo ni hivyo hivyo. Ikiwa imelala upande hata upana wake wa kweli, uliopimwa wima kutoka upande mrefu mmoja mpaka wa pili, ni futi 40, basi eneo lake ni 40 mara 100, yaani 4,000. Umelipia 5,000, na sehemu moja katika tano haipo. Tumetaja mlalo mkubwa ili hesabu iwe nyepesi kuonekana. Lakini hata mlalo mdogo wa kuleta upana kuwa futi 48 unakula futi za mraba 200, na jicho kati ya nyasi na mawe halitambui upesi.

Dawa yake ni kamba ile ile. Baada ya kupima pande nne, pima kutoka pembe hata pembe inayoelekeana nayo, kisha pima pembe zile mbili nyingine. Pande zinazoelekeana zikiwa sawa, na vipimo hivi viwili vya kukata katikati vikiwa sawa pia, ploti imesimama vizuri. Kwa ploti ya 50 kwa 100 kila kimoja kinapasa kuwa karibu futi 112. Katika ile iliyolala tuliyoitaja, kimoja kitakuwa kama 136 na kingine kama 81. Hapo hakuna ubishi tena.

Mtu atauliza, 112 imetoka wapi? Imetoka katika kanuni iitwayo kwa jina la Pythagoras wa Ugiriki, ingawa watu wa Babeli waliitumia zaidi ya miaka 1000 kabla yake. Katika pembetatu yenye pembe mraba, zidisha kila upande mfupi kwa wenyewe, ujumlishe, nawe utapata upande mrefu uliozidishwa kwa wenyewe. Tatu mara tatu ni 9, nne mara nne ni 16, jumla 25, nayo ni tano mara tano. Kwa hiyo fundi mwenye kamba iliyogawanywa kwa mafundo sehemu 3, 4 na 5 aweza kupata pembe mraba ya msingi wa nyumba pasipo chombo kingine.

Twende sasa kazini. Wenzetu wa gengi wajua ya kuwa reli inapokata kona, kona ile ni kipande cha duara kubwa. Kitovu cha duara hilo kiko mbali porini, na hakuna awezaye kwenda kusimama huko na kamba. Basi ukali wa kona hupimwaje? Huvutwa uzi wa mita 20 kutoka sehemu moja ya reli hata nyingine, kisha katikati ya uzi hupimwa nafasi kati ya uzi na reli. Twaa nusu ya uzi, mita 10, uizidishe kwa yenyewe: 100. Gawanya kwa nafasi ile mara mbili. Nafasi ikiwa sentimita 10, mara mbili yake ni sentimita 20, yaani mita 0.2, na 100 kwa 0.2 ni 500. Kitovu kiko mita 500 kutoka relini. Nafasi ikiwa sentimita 20, kiko mita 250, na kona ni kali mara mbili. Kanuni hii imezaliwa na pembetatu ile ile ya Pythagoras. Wako walioshika uzi huo miaka mingi, wakaita namba kwa sauti ili mwingine aziandike, wasijue zinakwenda kufanya nini.

Fumbo la tatu ni la jua. Chuma kikipata joto hurefuka. Reli ya mita 100, joto likipanda digrii 30, huongezeka sentimita 3 na nusu hivi. Mtu atasema, sentimita 3 ni nini? Basi tufanye kwamba ncha mbili zimebanwa na reli ikajikunja katikati kama kiwiko. Kila nusu ni mita 50 na kama sentimita 1 na robo tatu. Piga hesabu ya Pythagoras, utaona katikati imekwenda kando mita 1 na sentimita 30 hivi! Reli ya kweli inashikwa na mataruma na kokoto, haikunjiki namna hiyo. Lakini hesabu yaonyesha kwa nini kokoto zikipungua na reli ikakosa mahali pa kurefukia, njia hupinda na gari la moshi huanguka. Mfanyakazi ajuaye hivyo akiripoti kokoto zimepungua, anajua anasema nini, na hawezi kunyamazishwa kwa urahisi.

Wako watakaosema sisi tumezeeka. George Stephenson wa Uingereza, aliyejenga reli iliyofunguliwa mwaka 1825 kati ya Stockton na Darlington, alikuwa mfanyakazi wa mitambo migodini, na mpaka umri wa miaka 18 hakujua kusoma wala kuandika. Alijilipia masomo ya usiku kwa mshahara wake, akajifunza kusoma, kuandika na hesabu. Upana wa reli alioutumia, ukiisha kuongezwa nusu inchi, ndio milimita 1,435 za reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 kutoka Mombasa hata Nairobi. Abraham Lincoln wa Marekani alisoma jiometri ya Euclid akiwa mtu mzima, baada ya kuwa mbunge. Na hapa kwetu, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Sisi wa miaka thelathini na kitu tutatoa udhuru gani mbele ya mzee huyo?

Wengine watasema simu inapiga hesabu. Ni kweli, simu itazidisha 50 kwa 100 upesi kuliko sisi sote. Lakini haitakwambia ploti imelala. Wengine watasema yuko mpima ardhi. Yuko, na kazi yake ya hati haina budi kufanywa naye. Lakini mtu hutoa fedha ya kwanza kabla ya kumwona mpima, na fedha hiyo ndiyo ngumu kurudi.

Tena jiometri ina jambo moja linalotufaa sana sisi wafanyakazi: haitazami cheo. Nyapara, injinia na kibarua wakivuta kamba moja mahali pamoja, jibu ni moja. Huna haja ya kuamini neno la mtu. Wapima mwenyewe, ukaona. Kwa hiyo mafumbo yanafaa watu wazima kuliko kukariri. Fumbo moja likiwekwa kati ya watu sita, wakachora mavumbini, wakabishana, wakapima, hawatalisahau.

Basi twaiomba kamati ya chama mambo matatu. Kwanza, jioni moja kila juma iwe ya ngumbaru ya hesabu, na wale vijana wetu waliomaliza sekondari watufundishe. Pili, chama kinunue ubao, chaki na kamba ndefu ya kupimia, ambayo mwanachama aweza kuazima siku ya kwenda kuangalia ploti. Tatu, kazi yoyote ya kipande inayolipwa kwa mita au kwa chungu ya kokoto ipimwe mbele ya mjumbe wetu ajuaye kupima. Wala hatusemi mtu aende njiani peke yake na uzi. Ruhusa na mlinzi wa bendera ni lazima.

Tunawaachieni fumbo la kuanzia. Wauzaji wawili wana ploti za pembe tatu, bei moja. Ya kwanza ina pande za futi 50, 50 na 60. Ya pili ina 50, 50 na 80. Ipi ni kubwa? Msijibu kwa macho. Choreni, mpige hesabu. Na akija wa tatu mwenye ploti ya 50, 50 na 100, mwambieni aende zake salama, kisha mtuandikie kwa nini.

Wenu katika chama,
Wafanyakazi wa Reli, Kinanie