Jua la Mchombe halihitaji kukolezwa



Katika Injili ya Mathayo, sura ya 16, Yesu anawaambia Mafarisayo na Masadukayo kwamba wanajua kuisoma anga: ikiwa nyekundu jioni, wanatabiri hali njema ya hewa. Hakuwalaumu kwa kuitazama. Aliwalaumu kwa kushindwa kusoma ishara za nyakati.

Sisi wa Bonde la Kilombero anga hiyo tunayo. Kiangazi, mpunga ukishavunwa, simama kando ya mashamba ya Mchombe uelekee Milima ya Udzungwa. Jua likikaribia mgongo wa mlima huwa jekundu kama kaa. Jioni mwanga hupita katika hewa nyingi zaidi kuliko mchana. Buluu hutawanyika njiani, tukabaki na chungwa na nyekundu. Vumbi na moshi vikiongezeka, wekundu nao huongezeka.

Vijana wetu wanapiga picha, nami nafurahi. Lakini nyingi zinazofika kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya na jumuiya zimekolezwa hadi mbingu inafanana na juisi ya paketi. Majani ya kiangazi yamekuwa kijani kibichi, uso wa katekista umekuwa rangi ya pilipili. Ndugu walioko Dar es Salaam wanacheka: hii si Mchombe! Na siku wakitumiwa picha ambayo haikuguswa kabisa, wanacheka vilevile.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaweka mafundisho juu ya uzuri na sanaa takatifu ndani ya amri ya nane, ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo (namba 2500 hadi 2503). Unaweza kudhani ni mpangilio wa kurasa tu. Mimi naona una maana kubwa: anayetuma picha anatoa ushahidi.

Sisemi kurekebisha picha ni dhambi. Simu yenyewe hupotosha. Ikiona wekundu mwingi huupoza, machweo yakafanana na saa nane mchana. Kurudisha rangi iliyoonwa na jicho ni haki. Kama simu inaruhusu, chagua mpangilio wa mwanga wa jua badala ya kuiacha ijiamulie. Gusa sehemu angavu ya anga, punguza mwanga kidogo, miti na watu wabaki vivuli. Ukikoleza, angalia eneo linalozunguka jua: likigeuka doa moja la rangi, bila ngazi ya manjano kwenda chungwa hadi nyekundu, umepitiliza.

Na ule ukungu wa kijivu chini ya mlima uache. Huo ndio wa kwanza kufutwa, kwa sababu unaonekana kama uchafu. Lakini mwezi wa nane mara nyingi si ukungu, ni moshi wa mabua na nyasi tunazochoma wenyewe. Mama mwenye mtoto wa pumu anaujua vizuri. Mwumba katuwekea jua, nasi tumeweka moshi, na picha ya kweli inaonyesha vyote viwili, hata kama inatuaibisha kidogo.

Vijana wanaoandaa picha za kalenda ya parokia ya mwakani waniletee hiyo, yenye moshi wake.