Anayelipia Utafiti Ndiye Achaguaye Swali

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hunijia kila nisomapo maandiko ya saikolojia. Mwaka 2008 mtaalamu Jeffrey Arnett alionyesha kwamba katika majarida sita makuu ya fani hiyo huko Marekani, asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Hata hivyo, matokeo yao hufundishwa kuwa ndiyo tabia ya binadamu.

Si kwamba sisi hatuchunguzwi. Wahadzabe, ambao baadhi yao huishi wilayani Mkalama, mkoa wa Singida, wanajulikana sana kwa wataalamu wa ng'ambo. Mwaka 2015 watafiti walioongozwa na Jerome Siegel wa Los Angeles walitangaza vipimo vya usingizi wa watu wazima 94: Wahadzabe, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Walilala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Kazi hiyo ni njema. Lakini swali lilikuwa hili: je, maisha ya viwandani yamempunguzia mtu usingizi wa mababu? Swali la wenzetu lilijibiwa kwa usingizi wetu.

Je, mwanafunzi wa Singida aamkaye alfajiri kwenda shule ya mbali hulala saa ngapi, na kumbukumbu yake huathirika vipi? Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akili yake hubeba mzigo gani akutanapo na Kiingereza kidato cha kwanza? Si rahisi mgeni ayalipie maswali haya, wala si haki kumlaumu.

Wapo watakaosema dawa na mbegu bora zitangulie. Nami nauliza: madarasa tunayoyajenga kwa gharama yatafaa nini ikiwa hatujui jinsi mtoto wetu anavyojifunza humo? Tena kipimo cha usingizi ni chombo kidogo kivaliwacho mkononi mithili ya saa.

Kwa hiyo yafaa Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, itenge kila mwaka fungu, japo dogo, la utafiti wa akili na ubongo. Na kila mgeni apewaye kibali arudishe matokeo, kwa Kiswahili, kijijini alikoyapata. Nanyi walimu na wanafunzi, andikeni maswali yenu tangu sasa. Fedha zikipatikana pasipo swali letu, tutajibu tena la wengine.