Kujihami Si Kujitetea

Toleo hili limezaliwa na mjadala ambao umedumu mno, kwa sababu wanasheria wengi wanaendelea kuyatumia maneno kujihami na kujitetea kana kwamba ni neno moja, ilhali Kiswahili chenyewe kinayatenga. Kujitetea kunatokana na kuteta, yaani kushindana kwa maneno, na mahali pake ni barazani na mahakamani. Kujihami, neno lenye asili ya Kiarabu na lililo ndugu wa himaya, ni kukinga mwili au mali wakati shari ingali inatendeka. Tangu marekebisho ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, mchanganyiko huo haufai tena kuvumiliwa, kwa kuwa neno litakaloingia katika tafsiri rasmi ndilo atakalosomewa mshtakiwa.

Vifungu vya 18 hadi 18C vya Kanuni ya Adhabu, kama vilivyorekebishwa mwaka 1980, vinampa kila mtu haki ya kujikinga yeye, mwenzake na mali, hata mali ya kijiji, lakini kwa nguvu ya kiasi, yaani isiyozidi inayohitajika kuizuia shari. Anayeua kwa kuizidisha nguvu hiyo ana hatia ya kuua bila kukusudia. Katika kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, huko Poli au Nkoaranga katika nchi ya Wameru, kipimo hicho huonekana waziwazi. Mwenye nyumba anayeamshwa usiku na mlango wa zizi, akamkuta mtu ameshika kamba ya ng'ombe kwa mkono mmoja na sime kwa mwingine, akiinua panga anajihami. Mtu yule akitupa vyote viwili na kukimbia, kisha panga likamfikia kisogoni anaporuka mimea ya masale ya mpakani, tendo limekwisha kubadilika, ingawa asubuhi majirani wote watasema kwamba mwenye ng'ombe alijihami. Majirani wanatazama nani alianza, wakati sheria inauliza pia kama shari ilikuwa imekwisha. Hilo si suala la wasomi peke yao, kwani anayeua baada ya shari kwisha anaweza kushtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, kosa linalobeba adhabu ya kifo ya lazima, ambayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua Novemba 2019 kwamba inakiuka haki ya kuishi. Magazeti yanayowaita wanaompiga mtu aliyekwisha kufungwa kamba "wananchi wenye hasira kali" yanaificha jinai nyuma ya hasira.

Katika toleo hili, makala kuhusu Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa inalifuatilia neno kujihami vinywani mwa madola. Ile ya wanawake wanaopigwa majumbani inauliza shari inayorudi kila usiku huhesabiwa kuwa imekwisha lini, swali linalostahili toleo lake.

Makala ya mwisho inarejea Engare Nanyuki, ambako Wameru waliondolewa kwa nguvu mwaka 1951 ili ardhi yao wapewe walowezi, na Kirilo Japhet akaenda New York mwaka 1952 kulieleza Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa madai yao. Mwandishi anaiita safari hiyo kujihami. Mhariri anashikilia kwamba ilikuwa kujitetea kwa maana kamili ya neno, kwa sababu nyumba zilikuwa zimekwisha kuchomwa, na walichobaki nacho Wameru ni hoja.