MGENI ASIYESHIKA JEMBE: Ni Nani Atakayelilinda Soko la Hisa la Nairobi?



Wahenga walituachia usia kwamba mgeni ni wa siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema afukuzwe. Walitaka akaribishwe, ale, alale, kisha akubali kulima pamoja na wenyeji shamba lile lile linalomlisha. Leo twazungumzia mgeni wa aina nyingine: fedha za walanguzi wa ng'ambo zinazoingia katika Soko la Hisa la Nairobi, zikavuna upesi, na kutoweka kabla siku ya jembe haijafika. Sisi twashikilia kwamba nchi ina haki, tena ina wajibu, wa kumwekea mgeni huyo masharti. Lakini twaongeza neno ambalo wengi wanaojiita wazalendo hulinyamazia: masharti hayo sharti yatungwe hadharani, kwa sheria, na wawakilishi wa watu. Yakitungwa gizani yatawakinga wakubwa, na mwananchi ataachwa mvuani kama kawaida.

Huenda msomaji akauliza, mambo ya hisa yanamhusu nini mkulima wa majani chai wa Kericho au mama muuza samaki wa Dunga? Yanamhusu. Fedha zinazokatwa mshahara wa mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya uzeeni, sehemu yake hununuliwa hisa. Vyama vya akiba na mikopo, kampuni za bima, na hata baadhi ya makanisa yetu yameweka akiba zao huko. Na yule asiyemiliki hisa hata moja anamiliki shilingi, nayo hutikisika pale hisa zinapotikisika.

JINSI MCHEZO UNAVYOCHEZWA

Mlanguzi wa ng'ambo huleta dola, akaziuza apate shilingi, kisha akanunua hisa. Wakija wengi kwa pamoja, bei za hisa hupanda na shilingi nayo hupata nguvu. Magazeti husifu, na waziri husimama Bungeni kujipongeza. Mwalimu wa shule na karani wa kaunti, wakiona jirani zao wanatajirika, hukimbilia benki kukopa ili nao wanunue. Siku moja riba za Marekani hupanda, au uvumi husikika kutoka nchi ambayo sisi hatuna habari nayo. Wageni huuza hisa wakanunua dola, wote kwa wakati mmoja. Bei za hisa huporomoka, na shilingi huporomoka pamoja nazo. Aliyetoka kwanza hutoka mzima. Anayebaki ni mwalimu na deni lake.

Hasara haikomei hapo. Shilingi ikidhoofika, mafuta ya taa, mbolea na dawa hupanda bei, kwa maana vyote hununuliwa kwa dola. Benki Kuu hupandisha riba ili kuizuia shilingi isizame, na mwenye duka anayelipa mkopo hujikuta akilipia karamu ambayo hakualikwa.

SIFA NG'AMBO, NJAA NYUMBANI

Wasomaji wetu wa makamo wanaukumbuka mwaka 1993. Fedha zilikuwa zimechapishwa kwa wingi kuelekea uchaguzi wa Desemba 1992. Kashfa ya Goldenberg ilikuwa ikiikausha Hazina kwa kisingizio cha kulipa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ambazo nchi hii haikuwa nazo za kuuza kwa kiasi hicho. Mfumko wa bei ulifikia takriban asilimia 46. Katikati ya mwaka huo riba ya hati za serikali za siku 91 ilipita asilimia 80. Sasa tazama kinyume chake: Shirika la IFC, ambalo ni tawi la Benki ya Dunia, lililitaja soko la Nairobi kuwa ndilo lililofanya vizuri kuliko yote ulimwenguni, kwa faida ya asilimia 179 kwa hesabu ya dola! Tarehe 18 Februari 1994 fahirisi ya hisa 20 ilifika alama 5,030. Wakati huo huo wahanga wa mapigano ya ardhi walikuwa wakilala kambini Maela wakihudumiwa na makanisa na mashirika ya misaada.

Hapo ndipo tunapojifunza kwamba bei za hisa si kipimo cha afya ya taifa. Soko laweza kunawiri juu ya mgongo wa watu wanaougua.

Kwa sifa hizo milango ilifunguliwa. Mwaka 1995 wageni waliruhusiwa kumiliki hadi asilimia 20 ya kampuni ya Kenya iliyo sokoni. Kabla mwaka haujaisha kiwango hicho kikaongezwa hadi asilimia 40, na Desemba sheria nzima ya kudhibiti fedha za kigeni ikafutwa. Kumbukeni kwamba mwaka huo huo wanamageuzi walikuwa wakinyimwa vibali vya kufanya mikutano. Serikali iliyoogopa raia wake wakutane uwanjani haikuona hofu yoyote kuifungulia fedha isiyojulikana ilikotoka. Nazo ahadi za neema zilikwenda wapi? Hadi mwaka 2002 fahirisi ile ile ilikuwa imeshuka karibu na alama 1,000. Sababu zilikuwa nyingi, ufisadi ukiwa mbele, lakini mlango uliofunguliwa haukuliponya soko.

Mwaka 2002 kanuni mpya ziliwatengea wenyeji angalau asilimia 25 ya kila kampuni. Mwaka 2015 kinga hiyo nayo ikaondolewa. Ni wananchi wangapi walioulizwa?

DENI LA MWALIMU

Mfano ulio karibu nasi ni Safaricom. Mwaka 2008 serikali iliuza robo ya kampuni hiyo, hisa bilioni 10, kwa shilingi 5 kila moja. Wakenya kwa mamia ya maelfu walipanga foleni, wengi wao kwa fedha za mkopo. Kabla ya mwaka kupita, msukosuko wa fedha ulioanzia Marekani ulikuwa umewafanya wageni kukimbia masoko madogo kama letu, na mapema mwaka 2009 hisa ile iliuzwa chini ya shilingi 3. Miaka ilipita, bei ikapanda hadi kupita shilingi 40 mwaka 2021. Kisha riba za Marekani zilipopanda, wageni wakauza tena, na mwaka 2023 hisa hiyo ikaanguka chini ya shilingi 15. Kampuni haikuwa imepoteza thuluthi mbili ya minara yake wala ya wateja wake. Kilichoondoka ni fedha za watu walioweza kuondoka.

Wala tusidhani kwamba kila mgeni ni mgeni kweli. Kabla ya hisa hizo kuuzwa, Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Umma ilitaka kujua wenyewe wa Mobitelea, kampuni iliyoandikishwa ng'ambo ambayo ilikuwa imepata sehemu katika Safaricom kupitia Vodafone Kenya. Umma haukuonyeshwa sura zao. Huo ndio ugumu wa kulilinda soko bila uwazi: huenda aliyevaa kofia ya mgeni alizaliwa hapa hapa, na huenda fedha zinazorudi zikiitwa uwekezaji ni zile zile zilizoibwa zikaenda kuoshwa ng'ambo.

FUNZO LA MASHARIKI YA MBALI

Tarehe 2 Julai 1997 Thailand ilishindwa kuitetea sarafu yake. Kabla ya hapo dola moja ilinunuliwa kwa baht 25. Januari 1998 ilipita baht 50. Moto ukasambaa hadi Indonesia, Korea Kusini na Malaysia. Fahirisi ya soko la Kuala Lumpur, iliyokuwa zaidi ya alama 1,200 mapema mwaka 1997, ilianguka chini ya 300 kufikia Septemba 1998.

Waziri Mkuu Mahathir Mohamad alifunga lango. Tarehe 1 Septemba 1998 serikali yake iliamuru kwamba fedha za wageni zilizokuwa katika hisa zisitoke kwa muda wa miezi 12. Kesho yake dola ilifungwa kwenye ringgit 3.80. Wakubwa wa fedha duniani walipiga kelele kwamba Malaysia imejizika. Haikujizika. Februari 1999 marufuku ililegezwa, ikawekwa ada iliyopungua kadiri fedha zilivyokaa, na uchumi ukainuka mwaka huo huo. Ni kweli kwamba Korea na Thailand nazo ziliinuka bila kufunga lango namna hiyo, na wataalamu wangali wakibishana. Lakini vitisho kwamba nchi itakayothubutu itaangamia vilithibitika kuwa vitisho tu. Hata Shirika la Fedha la Kimataifa, mwaka 2012, lilikubali rasmi kwamba zipo nyakati ambapo udhibiti wa fedha zinazoingia na kutoka unafaa.

Hata hivyo hatuwezi kumshangilia Mahathir bila kutazama mkono wake wa pili. Siku ile ile ringgit ilipofungwa, 2 Septemba 1998, alimfuta kazi naibu wake Anwar Ibrahim, ambaye baadaye mwezi huo alikamatwa na kufikishwa mahakamani akiwa na jicho jeusi la kipigo. Vijana wa huko waliingia barabarani wakidai mageuzi, na walitumia neno ambalo hata sisi tungelielewa: Reformasi. Tena mwaka uliotangulia, Novemba 1997, kampuni ya UEM ilikuwa imenunua karibu thuluthi ya hisa za Renong, kampuni iliyokuwa na uhusiano wa karibu na chama tawala, na wenye hisa wadogo wakalia kwamba fedha zao zimetumika kuwaokoa wakubwa. Ukuta ule ule uliowazuia walanguzi uliwafunika marafiki wa serikali.

Chile ilipita njia nyingine. Kuanzia 1991, baada ya utawala wa kijeshi kuondoka na serikali iliyochaguliwa kuingia, aliyeleta mkopo wa ng'ambo alitakiwa kuweka sehemu yake katika benki kuu bila riba. Kuanzia 1992 sehemu hiyo ilikuwa asilimia 30 kwa mwaka mmoja, na baadaye sharti likapanuliwa kugusa fedha nyingine za muda mfupi. Aliyekusudia kukaa miaka kumi hakulihisi sana; aliyekusudia kukaa mwezi mmoja lilimuuma. Mwaka 1998 fedha zilipoadimika, sharti lilipunguzwa na kisha kusimamishwa. Kanuni ilijulikana kabla ya mgeni kubisha hodi. Hilo ndilo jembe tunalolisema.

WANAOTUPINGA

Wapo wanaotuambia: mgeni njoo, mwenyeji apone, ukitaja masharti utamtisha. Twawauliza: mwenyeji amepona lini kwa mgeni wa wiki mbili? Kiwanda hakihamishwi kwa kubonyeza kitufe. Anayejenga kiwanda Thika au anayenunua hisa akusudie kula mgao wa faida kwa miaka mingi hana sababu ya kuliogopa jembe, kwa kuwa tayari analima.

Wengine husema sisi ni wadogo mno, tuna njaa ya dola, hatuwezi kuchagua. Kweli njaa ipo, lakini njaa hiyo imepikwa na nani? Februari 2024 serikali, ikihaha kulipa deni la hati fungani ya dola bilioni 2 ya mwaka 2014, ilikopa upya ng'ambo na kutoa hati fungani ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi. Wageni wakamiminika, na dola iliyokuwa karibu shilingi 160 mwezi Januari ikashuka hadi karibu 130. Tukaambiwa tushangilie. Lakini riba hiyo hulipwa kwa kodi za wananchi, na Juni mwaka huo vijana walipoingia barabarani kuukataa Mswada wa Fedha, baadhi yao walilipa kwa damu.

TUNACHODAI

Kwa hiyo twadai mambo matano.

Kwanza, kila anayenunua sehemu kubwa ya kampuni iliyo sokoni ajulikane kwa jina lake halisi, si kwa jina la kampuni ya kisiwani. Umma uwe na haki ya kuisoma orodha hiyo, kwa kuwa kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya kupata habari.

Pili, faida ya hisa zilizonunuliwa na kuuzwa katika muda mfupi itozwe ada, na ada hiyo ipungue hadi kuisha kabisa kwa anayekaa.

Tatu, masharti ya dharura ya kuzuia fedha kukimbia yaandikwe na Bunge mapema, yakiwa na ukomo wa muda na taarifa za wazi kila mwezi. Asipewe waziri mmoja kuyatamka usiku.

Nne, sehemu iliyotengewa wenyeji irudishwe, na ianzie kwa mifuko ya uzeeni na vyama vya akiba na mikopo. Isiwe zawadi ya matajiri kumi wa Nairobi.

Tano, walinzi wa soko wachungwe. Madalali wa hisa Francis Thuo walianguka mwaka 2007 na Nyaga mwaka 2008, na wenye akiba ndogo ndio walioteseka. Haifai kumfungia mwizi wa nje ilhali wa ndani ana funguo.

Na wewe msomaji, usingoje. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye mkutano mkuu wa chama chako cha akiba, simama uulize ni kiasi gani kimewekwa katika hisa na kwa ushauri wa nani. Katika baraza la parokia, taka hesabu ya akiba ya kanisa isomwe. Kamati za Bunge zitakapokuja kuchukua maoni, pelekeni dai hili kwa maandishi, mkitia sahihi kwa majina. Tulipodai kifungu cha 2A kifutwe tuliambiwa hatujui siasa. Desemba 1991 kilifutwa. Leo tunaambiwa hatujui fedha. Fedha ni zetu, na tutaendelea kuuliza mpaka tujibiwe.