Hirola wa Ijara: Nani atalipia kisiwa kisichofikiwa na wageni?

KANDO ya Mto Tana, katika eneo la Ijara, Kaunti ya Garissa, kipo kipande cha ardhi chenye ukubwa wa zaidi ya kilomita 20 za mraba ambacho kimezungushiwa uzio pande zote. Nje ya uzio huo huzurura simba, chui, duma na mbwa mwitu. Ndani yake hulisha hirola, swara mwenye mistari myeupe baina ya macho, ambaye hapatikani katika bustani yoyote ya wanyama duniani.

Hicho ni kisiwa, ingawa hakikuzungukwa na maji. Kilijengwa mwaka wa 2012 ndani ya hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, na mwezi wa Agosti mwaka huo hirola 48 wakakamatwa mbugani na kuingizwa humo ili wazaane bila kuandamwa na wanyama wala nyama. Mpango huo ulifaulu. Katika muda wa miaka michache idadi yao iliongezeka zaidi ya maradufu.

Hata hivyo, ufanisi huo umezua swali ambalo serikali kuu, serikali ya kaunti na wafadhili hawajalijibu kikamilifu. Visiwa vya aina hii kwingineko hutegemea fedha za wageni. Je, kisiwa ambacho mgeni haruhusiwi na nchi yake kukizuru kitaishi kwa nini?

Uzito wa swali hilo hutokana na historia ya mnyama mwenyewe. Katika miaka ya 1970 hirola walihesabiwa kwa maelfu katika nyanda zilizo baina ya Mto Tana na mpaka wa Somalia. Ugonjwa wa sotoka ulioshambulia ng'ombe na wanyamapori katika miaka ya 1980 ukawafyeka. Ukame, ujangili na kutoweka kwa nyasi kukafuata. Watafiti wameeleza kwamba tembo walipopungua, vichaka vilitanda mahali palipokuwa na nyasi, na hirola, ambaye chakula chake ni nyasi, akakosa malisho. Leo hirola waliobaki hawazidi 500 kwa makadirio ya wataalamu.

Hirola ndiye pekee aliyesalia katika jenasi yake. Akitoweka hakutakuwa na jamaa wa karibu wa kushika nafasi yake, jambo ambalo wanasayansi wanasema halijapata kutokea kwa mamalia yeyote wa bara la Afrika katika zama hizi.

Serikali haikuketi tu kutazama. Hifadhi ya Taifa ya Arawale ilitengwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya mnyama huyu, lakini kwa miaka mingi ilibaki bila uangalizi wa maana. Baadhi ya hirola walihamishiwa Tsavo Mashariki mwaka wa 1963, na wengine mwaka wa 1996.

Safari hiyo ya pili ndiyo iliyoonyesha jinsi wakazi wa Garissa wanavyomthamini. Shirika la Wanyamapori nchini (KWS) lilipoanza kuwahamisha hirola mwaka wa 1996, wakazi walikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi kulizuia. Walisema wanyama hao ni urithi wa eneo lao na wanapaswa kulindwa pale walipozaliwa. Mahakama ilikubaliana nao.

Ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Aliyekataa mnyama asihamishwe amejitwika, hata kama hakutamka hivyo, jukumu la kumlinda. Hifadhi ya Ishaqbini, iliyoanzishwa katika miaka ya 2000 na wafugaji wa Kisomali wa Ijara kwa msaada wa Muungano wa Hifadhi za Jamii Kaskazini (NRT), inaweza kutazamwa kuwa utekelezaji wa jukumu hilo. Wazee walikubali sehemu ya malisho yao ifungwe. Vijana wao wakaajiriwa kuwa askari wa wanyamapori.

Ukitaka kuona jinsi mambo yanavyoweza kwenda mahali penye amani, tazama kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar. Chumbe kinaendeshwa na kampuni ya kibinafsi, na matumbawe yake yamelindwa kisheria tangu mwaka wa 1994. Kina nyumba saba tu za wageni. Ada za wageni hao wachache ndizo zinazolipa mishahara ya walinzi, ambao baadhi yao walikuwa wavuvi, na kugharimia ziara za wanafunzi wa Zanzibar wanaopelekwa kujifunza habari za bahari.

Katika msitu wa Chumbe wamo pia paa nunga, ambao walipelekwa huko kuokolewa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba paa hao wamo vilevile katika misitu ya Boni na Dodori, jirani na Ijara, ambako kamera za watafiti zilithibitisha kuwapo kwao. Mnyama ni mmoja, lakini Chumbe mgeni hufika kwa mashua na kulipa, ilhali Boni hakuna mtalii anayekanyaga.

Sababu inajulikana. Tangu Kenya ipeleke majeshi yake Somalia mwaka wa 2011, Garissa na Lamu zimeshambuliwa mara nyingi na Al-Shabaab. Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015 liliua watu 148. Mwaka huo huo serikali ilianzisha operesheni ya kijeshi katika msitu wa Boni. Nchi za Magharibi zikawa zinawaonya raia wake wasizuru maeneo yaliyo karibu na mpaka wa Somalia. Onyo kama hilo linatosha kufunga hoteli hata pale ambapo risasi haikusikika.

Kwa hiyo hesabu ya Chumbe haiwezi kunakiliwa Ijara. Askari wa Ishaqbini hulipwa zaidi kwa fedha za wafadhili, na fedha za wafadhili hazina mkataba na vizazi vijavyo. Mfadhili akibadili nia, uzio utabaki umesimama lakini hapatakuwa na wa kuulinda.

Yaliyowapata twiga weupe wa eneo hilo yanatosha kuwa onyo. Mwaka wa 2017 picha zao zilisambaa duniani kote na jina la Ishaqbini likatajwa katika nchi ambazo hazikuwahi kuisikia Ijara. Machi 2020 ilitangazwa kwamba jike na ndama wake walikuwa wameuawa na majangili, na mabaki yao yakapatikana. Dume aliyebaki alifungwa kifaa cha kufuatilia nyendo zake Novemba mwaka huo. Sifa ya dunia nzima haikutosha kuwalinda wanyama wawili.

Wapo wanaoamini kwamba barabara ya kutoka Lamu kupitia Ijara hadi Garissa, ambayo ujenzi wake umekatizwa mara kwa mara na mashambulizi, itafungua njia kwa watalii. Huenda ikawa hivyo. Lakini barabara hiyo hiyo itampitisha mwindaji, mchoma makaa na mnunuzi wa ardhi, na huenda hao wakatangulia kufika.

Wengine husema suluhisho ni kuongeza uzio. Hapa panahitaji tahadhari. Wakati wa ukame uliodumu tangu mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa katika maeneo kame ya Kenya. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake wote hawezi kuelezwa kirahisi kwa nini nyasi zilizo nyuma ya waya ni za swara. Januari 2025 mahakama mjini Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti hiyo zilianzishwa kinyume cha sheria, baada ya wakazi kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Ishaqbini haikuhusika katika kesi hiyo, lakini funzo lake linaihusu kila hifadhi iliyo kwenye ardhi ya wafugaji.

Njia iliyo salama zaidi ni ile inayomnufaisha hirola na ng'ombe kwa pamoja. Mradi wa Uhifadhi wa Hirola, ulioasisiwa mjini Garissa na mwanasayansi mzaliwa wa eneo hilo, Dkt Abdullahi Ali, umekuwa ukishirikiana na wakazi kung'oa vichaka na kupanda nyasi za kienyeji. Nyasi zikirudi, mfugaji hupata malisho na hirola hupata makao nje ya uzio. Hilo ndilo lengo la mwisho, kwani mnyama aliyefungiwa milele atakuwa ameokolewa nusu tu.

Serikali nayo ina deni. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inatambua hifadhi za jamii na kuahidi fidia kwa wanaojeruhiwa au kupoteza mali kwa sababu ya wanyamapori. Malalamiko ya fidia kuchelewa yamesikika kote nchini. Ikiwa hirola ni mali ya taifa, kama inavyosemwa kila mara wageni mashuhuri wanapozuru, basi mishahara ya wanaomlinda haina budi kuingizwa katika bajeti ya taifa na ya kaunti, badala ya kumngojea mtalii ambaye huenda asifike kwa miaka mingine kumi.

Mwaka wa 1996 watu wa Garissa walishinda kesi ya kubaki na hirola wao. Tangu wakati huo wametoa malisho, wametoa vijana wao wa kulinda, na wamestahimili simba wanaovamia mazizi. Kinachosubiriwa sasa ni mchango wa nchi ambayo kwa niaba yake wamefanya hayo yote.